Pete Inayohesabu Ng'ombe

Upumbavu wangu nauweka mbele kabisa, kabla wengine hawajauleta kwa namna yao: niliwaambia wazee waliokuwa wananywesha ng'ombe lamboni kwamba kamera ya babu yangu inahesabu mifugo.

Nilisema nikiwa na akili zangu zote, saa nne asubuhi, tumbo limejaa uji wa uwele. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa likizo ya Juni, kidato cha pili, na mtu aliyezoea bweni la wavulana arobaini wanaocheka hata mwenzao akijikwaa, akirudi nyumbani hapati wa kumchekea isipokuwa kuku. Nilipowaona wazee sita wamesimama pamoja na fimbo zao, nikaona watazamaji.

"Wazee wangu, shikamooni."

"Marahaba, msomi."

"Mmeiona ile kamera ya babu? Pale mbele ina pete inayozunguka, na pete ina namba. Themanini, mia, mia thelathini na tano, mia mbili. Akizungusha ikagota mia mbili, ng'ombe mia mbili wameshaingia kwenye daftari la kijiji. Hata karani hachoki mkono."

Nikangoja kicheko. Bwenini pangekuwa hapatoshi. Pale lamboni nilisikia ng'ombe wakifyonza maji tu.

Kati yao alikuwapo mzee jirani yetu wa upande wa miamba, mwenye zizi kubwa kuliko yote. Huyu ni mtani wangu tangu sijaota meno. Mimi humwuliza ni ng'ombe yupi aliyemlamba kichwa hadi kikang'aa, yeye huniuliza shuleni somo la kuoga linaanza kidato cha ngapi. Siku hiyo hakuuliza habari ya kuoga. Alinitazama mdomo kama mtu anayetazama shimo la nyoka, akapiga mluzi, na ng'ombe wake wakaanza kutoka majini.

"Mzee, mbona wamekunywa nusu tu?"

"Nusu inatosha," akasema, bila kugeuka.

Inabidi nieleze ulikuwa mwaka gani, si kwa tarehe bali kwa hali. Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Watu wa kwetu, upande huu wa Ilongero, tulizoea kukaa mbalimbali, kila mtu na tembe lake, shamba lake la mtama na mawe yake. Sasa tulikuwa tunaambiwa tukajenge kwa mistari, ubavu kwa ubavu, karibu na shule na zahanati. Kuhusu nyumba watu walikuwa wameshaelewa. Kuhusu shamba, walikuwa wanajaribu kuelewa. Kuhusu ng'ombe, hakuna aliyejua, na kila mkutano ulipokwisha kulikuwa na maelezo mapya. Mmoja anasema watabaki wa mwenyewe, mwingine anasema watakuwa wa wote, wa tatu anasema watahesabiwa kwanza ndipo ijulikane. Neno "kuhesabiwa" lilikuwa linamfanya mtu aweke kijiko chini. Mimi nilijua hayo yote, na ndiyo sababu niliona ni kichekesho kizuri.

Sasa babu. Babu yangu, baba yake baba, alifanya kazi ya reli miaka thelathini, Manyoni, Itigi, na stesheni nyingine ndogo ambazo alikuwa anazitaja kwa mpangilio hata akiwa anafunga kamba za viatu. Kazi yake ilikuwa kupunga bendera, kubadilisha njia za treni na kuwasha taa. Nyumbani alikuwa anakuja likizo tu, na mkate, na sukari, na Kiswahili cha treni. Alipostaafu akarudi moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza ikabidi awajue majirani zake. Yeye hakuwa amekaa nao kwenye mavuno wala kwenye misiba. Walimwita "wa reli", kwa heshima, lakini mtu akikuita kwa kazi uliyoiacha ujue bado hajakujua.

Kamera ilikuwa ndiyo njia yake ya kuwajua. Aliipata Manyoni kutoka kwa mzungu mmoja fundi wa visima aliyekuwa anarudi kwao na mizigo mingi kuliko mikono. Ilikuja na lenzi moja tu, ndefu kama mche wa sabuni, lenzi ya kuvuta. Hakuwa na nyingine na wala hakutaka nyingine. Mpiga picha wa mjini Singida, yule aliyekuwa anamsafishia picha zake, aliwahi kumwonyesha mkoba mzima wa lenzi, ya uso, ya harusi, ya jengo. Babu akamwambia, "Pole sana kwa mzigo."

Kwangu mimi alieleza hivi: "Magoti yangu yamestaafu siku moja na mimi. Hii haijastaafu. Mimi nasimama hapa, yenyewe inakwenda kule, inaangalia, inarudi kuniambia."

Mikanda ya picha ilikuwa haipatikani ovyo. Mkanda mmoja alikuwa anautumia miezi miwili, mitatu. Kwa hiyo siku nyingi alitoka na kamera tupu, haina kitu ndani, akapanda mwamba, akatazama, akazungusha pete, akabonyeza kitufe, *chaka*, akatabasamu. Nikamwuliza, "Babu, sasa umepiga nini na mkanda hamna?" Akasema, "Nimepiga. Ila sijaiweka."

Nilimcheka wiki nzima. Nilikuwa namwigiza mbele ya mama jikoni, nashika mchi mbele ya jicho, nasema *chaka, nimepiga ila sijaiweka*, na mama anageuza uso ili mkwe wake asimsikie akicheka.

Halafu siku moja akanipa nishike.

Tulikuwa juu ya mwamba mmoja mkubwa, ile miamba ya kwetu iliyokaa kama mtu alikuwa anapanga viazi akaitwa akaviacha. Mbele yetu, chini, nyika, vichaka, halafu ziwa limelala jeupe kwa chumvi pembeni. Akaniambia nibane viwiko mbavuni na nizuie pumzi. Nikaangalia. Sikuona ajabu, niliona nyika ileile, ndogo zaidi, imewekwa kwenye dirisha. Nilikuwa tayari nina utani mdomoni. Ndipo akainua mkono wake wa kizee, akashika pete, akaizungusha taratibu.

Sijui niandike vipi. Dunia ilianza kuja. Haikuruka, ilitembea, kama treni inavyoingia stesheni kabla hujasikia sauti yake. Vichaka vikatanuka, mwamba wa mbele yetu ukasogea, ukasogea, na juu yake palikuwa na pimbi. Pimbi nimewaona tangu nikiwa mtoto, nimewatupia mawe. Lakini sikuwahi kumwona pimbi asiyejua kwamba ninamwona. Alikuwa anaota jua. Upepo ulikuwa unampitia manyoya na kuyafungua mistari mistari, na kwenye jicho lake jeusi palikuwa na kitone kimoja cha mwanga, kidogo kama punje ya ulezi, na nikajua kile kitone ni jua. Jua zima, limeingia mle.

Nikasahau kupumua hadi nikakohoa. Pimbi hakushtuka, yuko mbali. Nikatoa jicho nikatazama kawaida: mwamba uko kulekule, nukta tu juu yake. Nikarudisha jicho: yuko hapa, anajikuna.

"Babu," nikasema, "na yeye anatuona hivihivi?"

"Sijui. Miaka miwili namwuliza."

Tangu hapo kila asubuhi nilimbebea kamera. Niliona mama wa jirani anapepeta uwele, na makapi yanavyosimama hewani kabla ya kuamua yaende wapi. Niliona ukucha wa tai. Niliona heroe, wale ndege wa ziwani wenye miguu mirefu, ambao kwa macho matupu ni ufito wa rangi ya waridi uliolazwa majini. Unazungusha pete, na ule ufito unafunguka, unakuwa shingo, magoti, maelfu, kila mmoja ameinamia kivuli chake kama anakinong'oneza. Mimi, ambaye walimu watatu wameandika kwenye ripoti yangu kwamba siwezi kunyamaza, nilinyamaza. Sikuwa na cha kuongeza.

Na bado nilikwenda lamboni nikasema yale niliyosema. Ndiyo maana nimeuita upumbavu. Mtu asiyejua kitu akikitania, sawa. Mimi nilikuwa nimeshaona jua ndani ya jicho la pimbi.

Matokeo hayakuchelewa. Kesho yake babu alitoka na kamera, safari hii ina mkanda, maana alitaka kumpiga yule mama wa uwele. Alipiga hodi mara tatu. Ndani tulisikia mtu akimwambia mtoto anyamaze. Tukaenda kwa fundi wa majembe; ameondoka, na moto wake bado unawaka. Tukapanda mwamba, nyika ilikuwa imefagiwa. Hapakuwa na ng'ombe hata mmoja, upande wote ule ambao jana yake ulikuwa na mifugo kama siafu. Watu walikuwa wamewapeleka kuchungia nyuma ya vilima, kwenye majani mabaya, mbali na jicho la babu.

Babu hakuelewa siku ya kwanza. Siku ya tatu mtoto mdogo alitupita njiani, akaona kamera, akapiga kelele, "Anahesabu! Anahesabu!" akakimbia huku ameshika kichwa kwa mikono miwili, nadhani alidhani na yeye atahesabiwa.

Babu alisimama pale njiani. Akaifunika lenzi kwa kifuniko chake, kwa upole, kama unavyofunga macho ya mtu.

Nyumbani akaitia kamera ndani ya sanduku la mbao la reli, akaketi juu ya jiwe mlangoni, ametazama barabara na kuipa miamba mgongo. Siku nne. Chakula anakula, salamu anaitika. Nilimsikia akimwambia mama, kupitia ukutani, kama alivyokuwa anaongea na mkwewe siku zote, kwamba labda angeomba chumba Manyoni kwa wastaafu wenzake, huko anafahamika. Mimi nilikuwa nachambua mboga na nikajikata kidole bila kisu.

Nikaamua kwenda kurekebisha. Nilimfuata mtani wangu, yule mzee wa zizi kubwa, nikamkuta anashona kiatu cha tairi.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kusema ukweli. Yale ya lamboni nilikuwa natania. Kamera haihesabu kitu."

Akanitazama. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita, akacheka. Alicheka hadi sindano ikamponyoka.

"Sasa huo ndio utani," akasema. "Ule wa lamboni haukuwa utani, sura yako ilikuwa ya kweli. Leo umetumwa."

"Sijatumwa na mtu!"

"Umetumwa na wa reli. Mwambie ng'ombe wangu wamekufa wote. Mwambie nimebaki na kuku."

"Mzee, nakuapia."

"Apa tu, mwanangu. Mtani haaminiwi kwa kiapo."

Hapo nikaelewa nilichojifanyia. Nimetumia maisha yangu yote kumzoesha mtu huyu kwamba kila ninachosema kwa uso mkavu ni uongo, na uongo mmoja tu nilioutaka usiaminiwe ndio aliouchagua kuuamini. Hakuna neno lililobaki la kumpa. Kilichobaki ni kumpa kamera ashike, na kamera ilikuwa sandukuni, na ufunguo wa sanduku ulikuwa shingoni mwa babu.

Nilirudi kwa njia ndefu.

"Babu, ni mimi."

"Nakuona."

"Hapana. Ni mimi niliyesema inahesabu."

Babu aliitazama barabara kama anayengoja behewa la mwisho la treni ya mizigo lipite.

"Ulisema inahesabu ngapi?"

"Mia mbili."

"Ng'ombe mia mbili."

"Ndiyo, babu. Kwa sababu ya namba."

Nikaona mabega yake yanatikisika na nikapiga magoti, nikidhani nimemliza mtu mzima. Mpaka leo sina hakika kama alikuwa analia. Alipoinua uso alisema, "Miaka thelathini nimesimama relini, hakuna treni iliyonigonga. Nimekuja kugongwa na mjukuu." Akavua ufunguo. "Ibebe wewe. Picha zimebaki nne. Na kama watakimbia, usinitangulie, nataka na wewe uwaone wanavyonikimbia."

Tulimkuta mzee wa zizi kubwa nyuma ya kilima, juu ya mwamba wa upande wa ziwa. Ng'ombe wake walikuwa chini, mbali, wameshuka kulamba chumvi, wametapakaa ufukweni. Alipotuona akasimama na fimbo yake.

"Mmekuja kuhesabu?"

"Tumekuja uhesabu wewe," nikasema. "Shika."

"Sishiki."

"Mzee mzima unaogopa bomba la kioo? Nikawaambie lamboni?"

Babu alikuwa amesimama nyuma kidogo, anahema, mikono mgongoni. Mzee alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaisimika fimbo kwenye ufa wa mwamba, akachukua kamera kwa ncha za vidole kama inayochoma. Nikamwelekeza viwiko. Nikamwelekeza jicho.

"Unaona nini?"

Akafumba jicho la pili.

"Wote," akasema. "Wote wamo humu. Mwanangu, umeniua."

"Hapo ni themanini. Shika hiyo pete. Zungusha kwenda mia mbili."

"Sitaki kwenda mia mbili!"

"Zungusha tu, taratibu."

Akazungusha. Nilimwona midomo inaanza kwenda, anahesabu kimoyomoyo, halafu ikasimama.

"Wanakwenda wapi hawa?"

"Nani?"

"Hawa wa pembeni. Wanatoka. Huyu katoka. Huyu mweupe katoka na ndama wake." Akaendelea kuzungusha. "Wamebaki sita. Wamebaki... watatu." Pete ikagota. "Amebaki fahali wangu peke yake."

Na hapo akafanya jambo ambalo nitalikumbuka nikiwa nimesahau hesabu zote nilizofundishwa. Bila kuondoa jicho, alinyoosha mkono wa kulia mbele, hewani, vidole wazi, kama anataka kumshika yule fahali sikio. Vidole vikafumba. Havikushika kitu. Akavifumbua akajaribu tena, polepole zaidi.

"Naliona kovu lake," akanong'ona. "Ananitazama. Ana inzi kwenye kope."

Akatoa jicho, akatazama chini ziwani kwa macho matupu. Madoa tu. Akarudisha jicho. Akatoa. Mara ya nne akageuka kwetu, uso wake umefunguka kama wa mtoto.

"Kwa hiyo mia mbili ni ng'ombe mmoja?"

"Mmoja, mzee," babu akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Namba ikipanda, ng'ombe wanapungua."

Mzee alifikiri. Niliyaona mawazo yanamtembea usoni hadi yakafika.

"Basi mwambieni karani wa kijiji anunue kama hii," akasema, "na akija kwangu aiweke mia mbili!"

Alicheka akakaa chini. Babu naye akakaa chini. Walicheka hadi wakashikana mabega, wazee wawili waliokuwa hawajawahi kukaa jiwe moja, na mimi, kwa mara ya kwanza, nilikuwa mahali penye kicheko ambacho sikukitengeneza.

Kilipoisha, mzee akaomba kamera tena. Hakuwatazama ng'ombe. Aliipeleka juu, kwenye maji, na nikajua amewafikia heroe kwa sababu alinyamaza, na upepo ukawa unasikika. Ameishi karibu na ziwa lile maisha yake yote. Baada ya muda mrefu akasema kitu kwa Kinyaturu, lugha yetu, maneno ya zamani ambayo sisi wa shule tumeyapoteza, na babu akamjibu kwa Kinyaturu hichohicho, mara moja, bila kutafuta. Miaka thelathini ya reli haikuwa imekifuta. Sikuelewa walichosema na sikuuliza.

Babu alimpiga picha moja, yeye na fahali, baada ya kushuka hadi kule. Mzee alisisitiza iwe mia mbili. Ikabidi babu asimame mbali sana, na maagizo yakawa yanapelekwa kwa kelele. Kisha mzee akaita, "Wewe wa reli! Maziwa unakunywa ya mgando, au umezoea ya kopo?" Babu akasema ya mgando. Mzee akasema basi twende, na wale wazee wengine ataitana nao, waje waone ng'ombe wanavyopungua.

Nilirudi nyumbani peke yangu, babu nimemwacha huko na kibuyu mkononi na foleni ya watu sita mbele ya kamera. Mama alikuwa uani anaanika mlenda. Nikamweleza yote tangu mwanzo, lamboni, uongo wangu, sanduku, pete, fahali mmoja, bila kuruka hata pale nilipopiga magoti. Alisikiliza hadi mwisho, mkono umesimama juu ya ungo. Halafu akasema, nami nanukuu kama alivyosema:

"Kwa hiyo haihesabu. Basi kesho asubuhi uende kwa mjomba wako, kwa miguu, ukanirudishie mbuzi wangu saba niliowaficha kule tangu siku ile. Na ukifika umweleze na yeye vizuri, maana wa kwake amewapeleka kwa shemeji yake, na shemeji yake sijui amewapeleka wapi."